Kanisa Kuu jipya la Siena: je, ni kweli tauni ya 1348 ndiyo iliyosimamisha ujenzi?

#1 Msafiri wa Polepole

Wanajukwaa, salaam. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Siena, mkoa wa Toscana nchini Italia, na nimerudi na swali linaloninyima raha.

Kwa ambaye hajafika, Kanisa Kuu la Siena, lililowekwa wakfu kwa Bikira Maria Mpalizwa, ni lile la mistari ya marumaru nyeupe na nyeusi, nje na ndani. Sehemu yake kubwa ilijengwa katika karne ya 13, na kuba lake lilikamilika katika miaka ya 1260. Ukisimama mbele ya mlango mkuu na kugeuza shingo kuliani, unaona ukuta mkubwa mno, unaozidi kwa urefu kila nyumba ya jirani, wenye tundu la dirisha ambalo ndani yake huoni kioo wala paa bali mawingu yanapita. Huo ni uso wa mbele wa kanisa ambalo halikuwahi kuwapo. Mwaka 1339 Wasiena waliamua kujenga ukumbi mpya mkubwa kiasi kwamba kanisa zima walilokuwa wakisali lingegeuka kuwa mikono tu ya msalaba wa kanisa jipya. Kazi ikaanza, nguzo zikasimama, ukuta ukapanda, kisha mafundi wakashuka na hawakupanda tena.

Jumba la makumbusho la Kanisa Kuu, lililoanzishwa 1869, limo ndani ya ujia wa pembeni wa jengo hilohilo: walijaza kuta kati ya nguzo na nguzo wakapata vyumba. Kwa hiyo unapotazama sanamu na picha takatifu, umesimama ndani ya kazi iliyowashinda wenyewe.

Mwongozaji aliyetuzungusha, na vijitabu vyote nilivyonunua, wana jibu moja: tauni ya 1348. Mimi sikushawishika. Firenze (Florence), mji jirani na hasimu, nayo ilipigwa na tauni hiyohiyo, mwaka huohuo, ikazika watu bila hesabu, na bado kanisa kuu lake lililoanzwa 1296 liliendelea kujengwa hadi kuba lake likakamilika 1436. Iweje ugonjwa mmoja usimamishe ujenzi katika mji huu na usiusimamishe katika mji ule? Nadai kwamba tauni imegeuzwa kisingizio cha heshima. Mwenye hoja alete.

#2 Karani Mstaafu

Mkuu Msafiri, shukrani kwa uzi. Hata hivyo naona umeidharau tauni mapema mno.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Siena ilipoteza nusu ya watu wake au zaidi ndani ya miezi michache. Msiena mmoja wa wakati ule aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba kengele hazikulia wala hakuna aliyelia, kwa sababu kila mtu alikuwa akikingoja kifo chake. Ndugu wawili wachoraji, Pietro na Ambrogio Lorenzetti, wanatoweka katika kumbukumbu kufikia mwaka huo, na inaaminika tauni iliwachukua wote wawili. Picha ya Pietro ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, aliyoimaliza 1342 kwa ajili ya altare ya Mtakatifu Savino, imo katika jumba hilohilo ulilotembelea. Ukisimama mbele yake, kumbuka kwamba miaka 6 baadaye karakana yake ilikuwa kimya.

Kuhusu Firenze, mji ule ulikuwa mkubwa zaidi na tajiri zaidi. Mtu mnene na mtu mwembamba wakifunga siku kumi, hawatoki wakiwa sawa.

#3 Fundi Uashi

Naomba niseme kama mtu wa kazi. Mimi ni mwashi, ninaishi Bologna mwaka wa kumi na moja huu, na Siena nimekwenda mara tatu kwa pesa yangu, si kwa ajili ya picha bali kwa ajili ya mawe.

Tauni haipindi nguzo. Mwaka 1357 iliamriwa kwamba sehemu za jengo jipya zilizoonekana hatari zibomolewe, na kabla ya hapo mjenzi wa Firenze, Benci di Cione, alikuwa ameitwa kuja kulikagua. Mwenye nyumba hamwiti fundi wa mji hasimu kukagua nguzo zake kama nguzo ziko sawa. Mkiingia katika uwanja ulio kati ya kanisa na ule ukuta mkubwa, tazameni upana wa matao yaliyobaki. Ni mapana, yanapendeza, yanapitisha mwanga, lakini nguzo zinazoyabeba ni nyembamba kwa mzigo ule, na juu yake ilikuwa lazima zije kuta nyingine na kuba za mawe. Tao halilali usingizi. Kila saa linasukuma nje kushoto na kulia. Nguzo ikiwa nyembamba, au msingi ukiwa haukufika penye mwamba, inaanza kuinama taratibu, na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, ndiyo inayosema kabla jicho halijaona.

Kwa maoni yangu, hata kama asingekufa mtu hata mmoja 1348, jengo lile lingesimamishwa.

#4 Kipepeo

Sijawahi kumsikia fundi akiisifu kazi ya fundi aliyemtangulia. Ukimwita kurekebisha bomba atakuuliza kwanza, «Nani alikufungia hivi?» Sasa naona tabia hii imewafikia hata wafu wa karne ya 14.

#5 Fundi Uashi

Kipepeo, huyo aliyekufungia bomba alikufungia vibaya kweli.

#6 Bint Pangani

Ninaunga mkono nusu ya hoja ya Fundi Uashi (#3), lakini tatizo la misingi ni la zamani kuliko 1339, na jambo hili huwa halitajwi na waongozaji.

Kanisa lile limekaa ukingoni mwa kilima. Upande wa nyuma, nyuma ya altare kuu, ardhi inateremka ghafla. Wasiena walipotaka kurefusha sehemu ya altare, iliwabidi kwanza wajenge jengo jingine chini ili kuinua sakafu, na jengo hilo la chini ndiyo nyumba ya ubatizo ambayo leo unaishukia kwa ngazi ndefu za nje. Kazi hiyo ilianza mnamo 1316. Mwaka 1322 iliundwa kamati ya wajenzi ikiongozwa na Lorenzo Maitani, yule aliyesimamia kanisa kuu la Orvieto, na kamati ikasema waziwazi kwamba kazi isiendelee, kwa kuwa misingi mipya haikutosha. Kamati hiyohiyo ilishauri kwamba ni afadhali waanze kanisa jipya, zuri na kubwa. Basi baraza la mji lilisikia kwa sikio moja tu: lile la kuanza kanisa kubwa likakaa kichwani, lile la misingi likapita. Wakaendelea kurefusha altare, na miaka 17 baadaye wakaanza na hilo jipya.

Kwa hiyo kabla ya tauni walikuwa wamekwisha kuonywa kuhusu kilima kilekile.

#7 Mjumbe wa Mtaa

Nyote mnazungumzia mawe na maiti, na mmesahau mfuko.

Ujenzi ule haukuwa wa askofu peke yake. Ulikuwa wa mji, na mji ulikuwa chini ya serikali ya wafanyabiashara iliyoitwa Wale Tisa, iliyotawala tangu 1287. Wale Tisa ndio waliotaka Siena ionekane kuliko Firenze. Mwezi Machi 1355 Kaisari Karoli IV alipopita mjini, watu waliinuka na serikali hiyo ikaanguka. Miaka 2 baadaye jengo linabomolewa. Je, ni bahati tu? Serikali mpya inapoingia, mradi mkubwa wa serikali iliyopita hukosa mtetezi, na ripoti ya mafundi yenye neno «hatari» huwa imefika wakati mzuri kweli.

Ongezeni pia kwamba benki kubwa ya Siena, ya ukoo wa Bonsignori, iliyokuwa ikihudumia mapapa, ilikuwa imekwisha kufilisika mwanzoni mwa karne ile. Tena kuanzia 1342 makundi ya askari wa kukodiwa yalikuwa yakiingia katika ardhi ya Siena na kudai pesa ili yaondoke. Pesa iliyokuwa ya marumaru ikawa ya kuwabembeleza majambazi.

#8 Karani Mstaafu

Hoja ya Mjumbe (#7) ina uzito, lakini kwa haki ya tarehe, Wale Tisa ndio waliokuwa madarakani 1348, na kazi ilikwama mikononi mwao. Kaisari alikuja kukuta kazi imekwisha kuzorota. Aliyeangusha serikali hakuangusha nguzo.

Aidha, aliyekuwa msimamizi wa kwanza, Lando di Pietro, mfua dhahabu aliyeitwa kutoka Napoli kwa ajili ya kazi hii, alifariki 1340, mwaka mmoja tu baada ya uamuzi. Kazi ikashikwa na Giovanni d'Agostino. Mradi ulimpoteza kichwa wake tangu mwanzo, na si kwa tauni.

#9 Msafiri wa Polepole

Karani, mbona sasa unanisaidia mimi? Na kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1352, miaka 4 tu baada ya tauni, Wasiena walianza kujenga kikanisa cha marumaru chini ya mnara wa uwanja wa Campo kama shukrani ya kunusurika. Mafundi walikuwapo, marumaru ilikuwapo, na pesa kidogo ilikuwapo.

#10 Karani Mstaafu

Kikanisa cha nguzo nne si kanisa kuu. Mtu aliyeuguza nyumba nzima anaweza kununua mshumaa. Haina maana anaweza kununua shamba.

#11 Sista wa Njiani

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma uzi wote kwa furaha. Mimi ni mtawa kutoka Songea, niko masomoni Roma, na tulikwenda Siena kwa hija ya siku moja, kwanza kwa Mtakatifu Katarina, kisha Kanisa Kuu na makumbusho.

Kuhusu swali lenyewe, nina mfano wa nyumbani. Kigango chetu kiliweka msingi wa kanisa la watu mia nane nikiwa darasa la tatu. Msingi upo hadi leo, watoto wanaruka kamba juu yake, na sisi tunasali katika kanisa lile la zamani ambalo limeezuliwa na kuezekwa mara mbili. Ukiwauliza wazee kwa nini, mmoja atasema mhasibu, mwingine atasema ukame, mwingine paroko aliyehamishwa, na wote wamekuwapo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba kanisa la zamani linatutosha. Sidhani kama Wasiena waliobaki 1349 waliliona kanisa lao kuwa dogo. Lilikuwa limekuwa kubwa ghafla.

Niliyotaka hasa kuyasema ni ya makumbusho. Katika ukumbi wa chini kuna sanamu za manabii na masibila (wanawake waaguzi wa kipagani wa kale) alizochonga Giovanni Pisano kwa ajili ya uso wa mbele wa kanisa, kati ya 1284 na 1297. Zilizo nje leo ni nakala. Mwanzoni zilinitisha, kwa sababu shingo zimesukumwa mbele mno, hasa ile ya Miriamu dada yake Musa, kama mtu anayechungulia kisimani. Kisha nikachuchumaa chini karibu na ukuta, nikaitazama kutoka chini, na shingo ikakaa mahali pake. Alizichonga kwa ajili ya mtu aliyesimama uwanjani akiinua uso. Jumba la makumbusho limetuleta karibu nazo kuliko mchongaji alivyotaka.

#12 Kijana wa Kwaya

Sista, asante sana kwa hilo la kuchuchumaa. Nami niulize: ile picha kubwa ya Bikira Maria ya Duccio iliyomo humo, ni kweli kwamba Napoleon ndiye aliyeikata vipande na kuviuza? Nilisikia hivyo kwa mwongozaji wa kampuni moja ya safari, ambaye pia alituambia kuwa Duccio ndiye aliyejenga kanisa.

#13 Bint Pangani

Kijana wa Kwaya, mdai huyo mwongozaji nauli yako.

Duccio di Buoninsegna alikuwa mchoraji. Mkataba wa picha hiyo, inayoitwa Maestà, ni wa Oktoba 1308. Alipaswa kufanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, kwa malipo ya sarafu 16 za soldi kwa siku ya kazi, na vifaa vitolewe na ofisi ya ujenzi wa kanisa. Tarehe 9 Juni 1311 picha ilitolewa karakanani ikabebwa hadi Kanisa Kuu kwa maandamano: maduka yalifungwa, kengele zikapigwa, askofu na mapadre na watawala wakatembea mbele, watu wakiwa na mishumaa mikononi. Ilikaa juu ya altare kuu hadi 1506. Msumeno ulikuja 1771, na Napoleon wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 2 kule Corsica, kwa hiyo tumwachie makosa yake mengine, ambayo yanatosha.

Ilikatwa kwa sababu ilichorwa pande zote mbili. Mbele ni Bikira Maria kwenye kiti cha enzi, amezungukwa na malaika na watakatifu, na wasimamizi wanne wa mji, Ansano, Savino, Crescenzio na Vittore, wamepiga magoti. Nyuma ni Mateso ya Bwana katika matukio 26. Walitaka kutenganisha mbele na nyuma, kama mtu anayepasua ubao wa mlango katikati ya unene wake, na msumeno ukatokeza upande wa mbele ukamjeruhi Bikira. Vipande vya pembeni vilitawanyika. Leo Kupashwa Habari kwa Maria iko London, Kuzaliwa kwa Yesu iko Washington, Kujaribiwa kwa Kristo mlimani iko New York, Kufufuliwa kwa Lazaro iko Fort Worth kule Texas, na Mwanamke Msamaria yuko Madrid.

#14 Sista wa Njiani

Nashukuru kwa masahihisho, Bint Pangani. Niongeze jinsi inavyoonekana kwa macho. Chumba kina mwanga hafifu, na upande wa mbele na upande wa nyuma vimewekwa vikitazamana, kwa hiyo ukisimama katikati unasimama mahali palipokuwa unene wa ubao.

Upande wa Mateso usomwe polepole, kuanzia chini kushoto kwa kuingia Yerusalemu, na kupanda. Mimi nilikwama kwa Petro. Ameketi uani pamoja na watu wengine, ameunyoosha mguu kwenye moto kama babu yeyote wa Songea mwezi wa Julai, na mjakazi nyuma yake ananyoosha mkono kumwonyesha. Kutoka uani pale ngazi inapanda hadi kwenye picha ya juu yake, ambamo wakati huohuo Bwana amesimama mbele ya Anasi. Petro anaota moto huku Bwana wake anahojiwa darini, na kinachowatenganisha ni ngazi tu. Nilifanya ishara ya msalaba papo hapo. Hakuna aliyenishangaa.

#15 Mjumbe wa Mtaa

Sista ametaja jambo ambalo mimi linanikera kidogo. Picha iliyobebwa kwa kengele na mishumaa, ambayo chini yake Duccio mwenyewe aliandika kwa Kilatini sala ya kumwomba Mama Mtakatifu wa Mungu aipe Siena amani na ampe yeye Duccio uzima kwa kuwa amemchora hivyo, leo inalipiwa tiketi. Je, ni halali kanisa kuitoa picha altareni na kuiweka penye kamba na mlinzi?

#16 Karani Mstaafu

Mjumbe, soma tarehe. Iliondolewa altareni 1506, karne tatu na nusu kabla ya jumba la makumbusho kuanzishwa. Waliomdhulumu Duccio ni waliosali mbele yake, si waliokuja kuuza tiketi. Hata vioo vya rangi vya lile dirisha kubwa la mviringo, alivyovichora Duccio 1287 hadi 1288, vimeletwa makumbusho na vikawekwa kwa kimo ambacho unaweza kuona mistari ya brashi, na kanisani ikawekwa nakala.

#17 Bint Pangani

Nakala ya dirisha hainiudhi. Kinachoniudhi ni kwamba watu wengi wanaitazama nakala kanisani, wanapiga picha, na hawaingii makumbusho.

#18 Kipepeo

Mimi nilikwenda mwezi wa Aprili kwa ajili ya ile sakafu maarufu ya marumaru, nikakuta karibu yote imefunikwa mbao. Nimetoka Mombasa hadi Toscana kukanyaga mbao. Mtu angeniambia mapema ningeshukuru.

#19 Mwalimu wa Zamu

Pole sana, Kipepeo. Sakafu hufunuliwa kipindi fulani tu cha mwaka, kwa kawaida kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba, na siku chache mwanzoni mwa kiangazi. Wakati mwingine vipande vichache tu ndivyo huachwa wazi. Ina picha 56, zilizotengenezwa kati ya karne ya 14 na ya 19. Zile za zamani zilichorwa kwa patasi juu ya marumaru nyeupe na mistari ikajazwa lami nyeusi. Za baadaye, hasa za Domenico Beccafumi, ni marumaru za rangi mbalimbali zilizounganishwa hadi unaona kivuli cha mkunjo wa nguo.

Mlangoni kabisa anakupokea Hermes Trismegistus, mwenye hekima wa Misri katika masimulizi ya wapagani, kazi ya 1488. Katika nyia za pembeni wamo masibila 10. Ukienda tena mtafute Sibila wa Libya, wa Guidoccio Cozzarelli, 1483: uso na mikono yake ni ya marumaru nyeusi, na nguo yake nyeupe. Mwanamke Mwafrika amelala katika sakafu ya kanisa kuu la Toscana zaidi ya miaka 500. Nilimtazama muda mrefu hata mke wangu akaenda kunywa kahawa akarudi.

#20 Kijana wa Kwaya

Je, ni kweli kwamba kati ya vile vichwa vya mapapa vilivyopangwa juu ya matao kulikuwa na kichwa cha mwanamke?

#21 Karani Mstaafu

Kweli na si kweli. Vichwa ni 172, na kimojawapo kilikuwa cha yule anayeitwa Papa Yohana mwanamke, ambaye ni hadithi tu ya watu wa zamani, hakuwahi kuwapo. Mnamo mwaka 1600 kikabadilishwa kuwa Papa Zakaria. Naomba tusihamie huko, maana uzi huu hautarudi.

#22 Mwalimu wa Zamu

Turudi kwenye swali basi, na mimi nilete la kwangu. Siena ya 1339 ilikuwa ikiishi kwa nadhiri ya 1260. Kabla ya vita vya Montaperti, Wasiena waliukabidhi mji wao kwa Bikira Maria mbele ya picha ya altare, wakaishinda Firenze tarehe 4 Septemba. Milingoti miwili ambayo, kwa mapokeo, ni ya gari la bendera la vita hivyo ingali imefungwa kwenye nguzo chini ya kuba. Kila mwaka, mkesha wa Kupalizwa, miji na vijiji vilivyo chini ya Siena vililetwa kanisani kutoa mishumaa. Kanisa jipya lilikuwa deni la mshindi kwa Mama yake. Baada ya 1348 watu hawakujiona tena kuwa washindi. Picha yenyewe iliyoapiwa, Bikira wa Macho Makubwa, iko ghorofa ya juu ya makumbusho.

#23 Bint Pangani

Mwalimu, hapo kwenye picha kuna ugomvi. Wapo wanaosema picha ya nadhiri ni ile ya kanisani, iliyomo katika kikanisa cha ukoo wa Chigi, ambayo hata jina lake ni Bikira wa Nadhiri. Lakini wataalamu wengi wanaona hiyo ilichorwa baada ya vita, kwa hiyo haikuweza kuapiwa kabla yake. Bikira wa Macho Makubwa ni wa miaka ya 1220 hivi, ametokeza kwenye ubao kama sanamu, na kwa umri anafaa.

#24 Kipepeo

Na hayo macho mbona si makubwa sana?

#25 Bint Pangani

Wengine husema jina halitokani na macho yake, bali na macho ya fedha ambayo watu walioponywa waliyatundika kumzunguka. Wengine husema ni macho yake tu. Mimi nilimtazama, yananitosha.

#26 Fundi Uashi

Nadhiri, Kaisari, benki, mishumaa, yote nimeyasoma. Lakini hakuna aliyenijibu: kwa nini *walibomoa*? Mtu aliyeishiwa pesa huacha nguzo zisimame akingoja mjukuu wake apate. Mtu aliyefiwa huacha pia. Msingi wa kigango cha Sista (#11) upo hadi leo, hakuna aliyeuchimbua. Anayebomoa ni anayeogopa kuangukiwa.

#27 Mjumbe wa Mtaa

Au ni anayetaka mawe yake. Na serikali mpya hupenda kubomoa, Fundi. Hilo halihitaji hata ufa.

#28 Karani Mstaafu

Nami nauliza upande wa pili: kama nguzo zilikuwa mbovu kiasi hicho, mbona ule ukuta mkubwa na sehemu ya ujia vimesimama zaidi ya miaka 650, na watu wanapanda juu yake kila siku kwa makundi?

#29 Fundi Uashi

Kwa sababu havikuwahi kubebeshwa paa. Hata mimi ningesimama miaka 650 kama nisingebebeshwa kitu.

#30 Msafiri wa Polepole

Nilipanda. Ngazi ni nyembamba, za kuzunguka, ukikutana na mtu mnene mmoja wenu anarudi nyuma. Juu kabisa unatembea juu ya unene wa ukuta, na upande mmoja ni mji wote na mashamba ya Toscana, upande mwingine ni kanisa la zamani na kuba lake. Chini yako, pale ambapo pangekuwa ukumbi wa kanisa, ni uwanja tu, na siku ile alikuwapo mama mmoja akimfundisha mtoto baiskeli.

Nakiri kwamba Fundi amenisogeza. Lakini hoja ya Firenze bado sijaona aliyeibomoa.

#31 Karani Mstaafu

Firenze haikuwa juu ya kilima.

#32 Bint Pangani

Hiyo ni hoja yangu, Karani, si yako. Wewe ulikuwa upande wa tauni.

#33 Fundi Uashi

Msafiri, ukirudi Siena nenda na timazi. Ining'inize kwenye nguzo ya kwanza iliyo wazi, upande wa uwanja, upige picha, uilete hapa.

#34 Msafiri wa Polepole

Narudi Septemba, sakafu ikiwa wazi. Timazi nitaibeba mfukoni, ila nikiulizwa na mlinzi nitamwambia ni ya Fundi.